Maputo mia kabla ya saa nne asubuhi: mwongozo kamili wa kujaza upepo kwa vifaa vya nyumbani

Kila shughuli ina mtu wake wa maputo. Hakuteuliwa na kamati wala hana fungu kwenye bajeti, ila asubuhi ya siku yenyewe anakabidhiwa pakiti ya mia moja kutoka Kariakoo na kuambiwa, "Jaza haya, wageni wanaanza kuingia saa nne." Mara yangu ya kwanza ilikuwa mahafali ya chekechea ya mpwa wangu. Tulikaa watatu tangu saa kumi na mbili tunapuliza kwa mdomo. Kufika puto la ishirini mjomba alikuwa ameegemea ukuta, anasema anaona nyota mchana. Shangazi masikio yamemziba. Saa nne ilipogonga tulikuwa na maputo arobaini na sita, na nusu yake yameshaanza kunywea kwa sababu mafundo yalikuwa ya ovyo.

Tangu siku hiyo nimejaza maputo kwa karibu kila kitu kinachotoa upepo ndani na nje ya nyumba. Vingine vinafaa sana, vingine ni hadithi tu. Ila jambo nililochelewa kuling'amua ni hili: ukishapata pampu nzuri, kinachokuchelewesha si upepo tena, ni fundo. Kwa hiyo hata kama una haraka, usiruke sehemu ya kufunga.

Tuelewane pia mapema kwamba upepo wa kawaida haufanyi puto lielee. Puto la upepo linafungwa ukutani, kwenye kamba, kwenye tao la mlangoni, au linatapakaa sakafuni. Yanayoelea darini yana gesi ya hiliamu, nayo hainunuliwi kwa mangi wa duka la mtaani.

Hesabu kidogo kwanza

Maputo ya sherehe (wengine huyaita mapulizo, wengine baluni) yanauzwa kwa inchi. Ya kawaida ni inchi 10 na 12, na yapo madogo ya inchi 5 ya kuzibia mapengo kwenye mapambo. Puto la inchi 10, likiwa na kipenyo cha sentimita 25, linabeba lita 8 za hewa. La inchi 12 lililojazwa hadi sentimita 28 linabeba lita 11 na nusu. Tofauti ya inchi mbili inaonekana ndogo mkononi, lakini kazi inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Kama unategemea nguvu za mikono, nunua inchi 10. Kwenye picha hakuna atakayeona tofauti.

Mita moja ya tao lenye maputo manne manne hula kama maputo 20. Mlango wa kawaida, kutoka chini upande huu hadi chini upande ule, ni karibu mita 5, kwa hiyo pakiti ya mia inaishia hapo hapo. Ongeza kumi ya akiba, maana kupasuka yatapasuka.

Sasa kuhusu nguvu. Utakuwa umeona kwamba puto linakuwa gumu mwanzoni, halafu likishatunga kitumbo linajazika kwa urahisi, kisha linakaza tena likikaribia kujaa. Si mapafu yako yaliyobadilika. Mpira wenyewe ndio ulivyo: msukumo mkubwa unahitajika pale puto likiwa bado dogo. Msukumo huo ni kama ule wa maji yenye kina cha sentimita 20 hadi 40. Ni mdogo kwa pampu, ni mkubwa mno kwa feni. Shika hesabu hiyo kichwani, ndiyo itakayokuambia kifaa gani kitakufaa na kipi kitakupotezea muda.

Kuandaa maputo

Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe. Mpira na mafuta havipatani. Vidole vilivyotoka kumega chapati au kupaka mafuta ya mwili vinadhoofisha puto, nalo linapasuka saa moja baadaye bila kuguswa na mtu.

Kisha vuta kila puto kwa urefu mara tatu, na kwa upana mara mbili. Usilipige mieleka, vuta tu kama unavyovuta rababendi. Kuvuta huku kunapunguza ule ugumu wa mwanzo, na kwa anayepuliza kwa mdomo ndiyo nusu ya kazi. Kazi hii wape vijana usiku wa kuamkia shughuli, wanaifanya huku wanaangalia mpira. Kama mko mahali pa baridi, Njombe au Limuru mwezi wa Julai, weka maputo mfukoni mwa suruali kwa dakika kumi kwanza, kwa sababu mpira wa baridi ni mkavu na unachanika.

Halafu tengeneza kipimo. Chukua boksi la katoni, chora duara la sentimita 25, ulikate. Puto likishajazwa linapitishwa kwenye tundu hilo. Likikwama, toa upepo kidogo. Bila kipimo, kila mtu atajaza anavyoona yeye, na tao litakuwa na maputo ya ukubwa wa tikiti yakikaa karibu na mengine ya ukubwa wa chungwa.

Pampu ya baiskeli: mzee asiyezeeka

Pampu ndefu ya kusimama, ile nyeusi yenye mkono wa mbao, ipo karibu kila mtaa. Ikiwa kwenu haipo, kwa jirani ipo. Mshindo mmoja hutoa hewa inayokaribia nusu lita, kwa hiyo puto la inchi 10 linajaa kwa mishindo isiyozidi ishirini. Mtu mwenye mwendo mzuri anamaliza puto kwa sekunde 25, na pampu haisubiri umeme wa mtu.

Shida yake ni moja tu: mdomo wake umetengenezewa vali ya baiskeli, si shingo ya puto. Fanya hivi.

1. Chukua kalamu ya plastiki iliyokwisha wino, zile nyepesi za wanafunzi. Toa wino na vifuniko vyote viwili, ubaki na bomba tupu.

2. Tazama ubavuni. Kalamu nyingi za aina hii zina kitundu kidogo katikati. Kizibe kwa tepu. Nimewahi kupampu dakika tano nikilaumu pampu, kumbe upepo wote unatokea hapo.

3. Zungushia tepu nyeusi ya mafundi umeme kwenye ncha moja ya kalamu hadi iwe nene kama kidole kidogo cha mkono. Ncha hiyo ndiyo itakayovaa shingo ya puto, na isipokuwa nene puto litachomoka.

4. Ncha ya pili iunganishe na mpira wa pampu. Mpira ukiingia ndani ya kalamu, vizuri. Kama hauingii, vikutanishe ncha kwa ncha kisha ufunge kwa kipande cha chubu kuukuu ya tairi, ukizungushe huku unakivuta, kama mtu anayefunga manati. Chubu inashika kuliko tepu, na haiachii ikipata joto.

5. Pampu mara mbili bila puto huku umeziba ncha kwa kidole. Ukihisi upepo unatoroka pembeni, kaza tena.

6. Vika shingo ya puto, ingie sentimita mbili, na mtu aibane kwa kidole gumba na cha shahada. Usifunge kwa rababendi, utapoteza muda kufungua na kufunga mara mia.

7. Pampu mishindo mirefu, mkono ushuke hadi chini kabisa. Mishindo mifupi ya harakaharaka inachosha bure, kwa sababu hewa inayobaki chini ya silinda haitoki.

8. Hesabu. Ukishajua kwamba puto lako ni mishindo 18, basi yote ni 18, na kipimo cha katoni kinabaki cha kuhakikishia tu.

Baadhi ya pampu za bei rahisi zinarudisha upepo nyuma mkono unapopanda. Ikitokea, anayeshika puto abane shingo kila mkono unapopanda na kuachia unaposhuka. Baada ya maputo matano mtakuwa mnacheza ngoma moja.

Pampu ndogo ya mkono ya mpira wa miguu inafanya kazi pia, lakini toa ile sindano yake. Tundu la sindano ni jembamba mno, utapampu hadi jua litue.

Msimamo unaotulinda mgongo ni wa kukanyaga miguu ya pampu kwa nyayo zote mbili, mikono ikiwa imenyooka, kisha kuinama kwa uzito wa mwili badala ya kusukuma kwa misuli ya bega. Mpokezane kila baada ya maputo kumi na tano.

Bloa, pampu ya godoro na mashine ya kufyonza vumbi

Kama umeme upo, uliza kama kuna mtu mwenye bloa. Hii ni ile mashine ya mkononi wanayotumia mafundi kompyuta na mafundi magari kupulizia vumbi, yenye mdomo mweusi wa mpira. Puto lililovutwa vizuri linajaa kwa sekunde tatu au nne. Kwangu mimi ndicho kifaa bora kuliko vyote, na fundi wa mtaani hakatai kuiazimisha ukimwahidi sahani ya pilau.

Mdomo wa bloa ni mpana, kwa hiyo unahitaji kifaa cha katikati. Kata chupa ya maji ya nusu lita kwenye mabega yake, ubaki na shingo na kipande cha juu chenye umbo la faneli. Vika upande mpana kwenye mdomo wa bloa, zungushia tepu raundi nne. Mdomo wa chupa za kawaida una upana wa milimita 28 hivi, na shingo ya puto la inchi 10 au 12 inauvaa bila kuchanika. Pitisha kucha kwenye ukingo wa plastiki. Penye ncha kali pasugue kwa msasa au papitishie kiberiti kwa sekunde moja.

Kabla ya puto la kwanza, washa bloa ielekee nje kwa nusu dakika. Ndani kuna vumbi la kompyuta za watu, na hutaki liingie kwenye puto jeupe. Weka kasi ya chini kama ina kitufe cha kupunguza. Usiiache ikinguruma mfululizo. Mota ikishika joto ipumzishe dakika tano kila baada ya maputo thelathini. Kimya chake tu kitawafurahisha majirani.

Pampu ya umeme ya godoro la upepo inafanya kazi ileile, na nyingi zinakuja na vifaa vitatu vya mdomoni. Chagua kile chembamba. Ya kukanyaga kwa mguu pia ni nzuri, ni tulivu, na inaacha mikono yote miwili huru. Mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti akikanyaga huku anashika puto anaweza kufanya kazi ya wawili.

Ndugu zetu walioko Muscat, London au Minneapolis wana mashine ya kufyonza vumbi kabatini. Angalia nyuma au ubavuni kama kuna tundu la kutolea hewa linalopokea bomba. Zile kubwa za kufyonza maji na vumbi mara nyingi zinalo. Chomeka bomba huko, toa mfuko wa vumbi au usafishe chujio, kisha tumia shingo ya chupa kama nilivyoeleza. Kama mashine haina tundu hilo, iache ifyonze vumbi kama ilivyoumbwa.

Pampu ndogo ya kujazia matairi inayochomekwa kwenye gari inatoa upepo wenye nguvu lakini mchache, kwa hiyo puto moja linaweza kula nusu dakika. Si haraka kuliko pampu ya baiskeli, ila haichoshi. Itumie nje, gari likiwa uwanjani, si ndani ya banda lililofungwa na injini inanguruma.

Kwa fundi wa pancha

Watu wengi wazo hili huwajia la kwanza: peleka pakiti kwa fundi wa pancha, ana kompresa, atajaza yote kwa dakika kumi. Ni kweli anaweza. Lakini sikiliza.

Upepo wa kompresa una nguvu mara nyingi zaidi ya mahitaji ya puto. Ukibonyeza sekunde moja zaidi linapasuka usoni, na kipande cha mpira kikigonga jicho si mchezo. Mwambie fundi apunguze mgandamizo, abonyeze kwa kugusagusa, na shika puto mbali na uso. Pili, tanki la kompresa hukusanya maji na ukungu wa mafuta. Mwombe afungue koki ya chini amwage maji, kisha apulizie kwenye karatasi nyeupe. Ukiona madoa ya njano, shukuru na uondoke.

Tatu ndiyo iliyotuumbua. Binamu yangu alijaza maputo sabini kwa fundi, yamependeza kweli, halafu akaita bajaji. Fikiria: maputo mia ya sentimita 28 yana hewa lita 1,150, na pamoja na nafasi zinazobaki katikati ni karibu mita mbili za ujazo. Bajaji ilibeba ishirini na tano. Mengine alitembea nayo barabarani ndani ya shuka, upepo wa bahari unamvuta kama tanga la ngalawa. Maputo hujazwa pale pale yatakapotumika. Ikiwa lazima uyabebe, chandarua kikuukuu ndicho kikapu chake: chepesi, kikubwa, na hakina pembe za kutoboa.

Kitu kimoja usikiguse kabisa ni pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa shambani. Nimeona mtu akiipendekeza kwa sababu ina mkono mzuri wa kupampu. Sumu haitoki kwa kusuuza, na maputo haya yataishia midomoni mwa watoto.

Kwa mdomo, ukiwa huna njia nyingine

Mtu mzima anayepuliza kawaida anatoa lita mbili hadi tatu kwa pumzi. Puto la inchi 10 ni pumzi tatu au nne. Maputo mia ni pumzi mia tatu hadi mia nne, ndiyo maana mjomba aliona nyota: ukihema sana na kwa nguvu, unatoa hewa ya ukaa mwilini kupita kiasi, na kichwa kinaanza kuelea. Puliza matano, pumzika dakika mbili. Mwenye pumu, shinikizo la damu, ngiri, au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, sikio au tumbo karibuni apewe kazi ya kufunga kamba.

Usijaze mashavu, yakiuma ujue unakosea. Kaza midomo, sukuma pumzi kutoka tumboni, na wakati wa pumzi ya kwanza vuta puto kwa mbele kwa mkono wa pili ili kulirahisishia kutunga kitumbo. Ule unga unaokuachia weupe mdomoni umewekwa ili kuta za mpira zisigandane. Si jambo jipya: Michael Faraday alipotengeneza maputo ya mpira jijini London mwaka 1824 kwa ajili ya majaribio yake ya gesi, alinyunyiza unga ndani kwa sababu hiyohiyo.

Vitu vinavyosifiwa bure

Feni haijazi puto. Inasukuma hewa nyingi lakini bila nguvu, na ule ugumu wa mwanzo inaugonga kama mtu anayesukuma lori. Draya ya nywele ni hivyohivyo, tena ikiwa ya moto inaharibu mpira.

Siki na beking soda inafanya kazi, na kwa mtoto wa darasa la nne ni somo tamu la sayansi: soda ndani ya puto, siki ndani ya chupa, vika puto mdomoni mwa chupa, inua, gesi inafoka. Ila piga hesabu. Puto moja la inchi 10 linahitaji gramu 28 za soda, yaani vijiko viwili vya chakula, na karibu mililita 400 za siki ya kawaida. Maputo mia yatakula lita 40 za siki. Madumu mawili! Na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, puto linaanguka kama embe. Fanya moja, watoto wapige makofi, rudi kwenye pampu. (Beking soda, si hamira. Hamira itakuweka hadi kesho.)

Kuna ujanja mwingine wa chupa iliyokatwa kitako, ukaidumbukiza ndani ya ndoo ya maji ili maji yasukume hewa juu kuingia kwenye puto. Kwa kina cha ndoo msukumo unatosha kwa shida, na hewa ya chupa ya lita moja na nusu inajaza puto la inchi 5 tu. Kama umeishiwa kabisa na unataka maputo madogo kumi, haya.

Kinachofaa kuliko hivyo ni ile nailoni kubwa inayofunika godoro jipya, kama bado ipo uvunguni. Funga shingo ya chupa kwenye kona moja kwa rababendi, fungua upande wa pili, kimbia nayo hatua tatu ijae hewa, isokote mdomo wake, vika puto kwenye shingo ya chupa, kisha ikandamize kwa uzito wako. Ina hewa ya kutosha maputo mengi, na watoto wataipigania zamu ya kulala juu yake. Nailoni hiyo isiachwe karibu na mtoto mdogo bila mtu mzima.

Gesi usiyoijua usiijaribu

Gesi ya jikoni haiingii kwenye puto, kwa hali yoyote. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hata haielei, na inashika moto kwa cheche ya kiberiti cha keki. Haidrojeni inaelea kweli, na kuna watu wanaoitengeneza vichochoroni kwa kemikali ili wauze maputo ya bei rahisi. Karibu na mshumaa au sigara inalipuka na kuunguza nyuso. Ukiona puto linaelea, na muuzaji hawezi kukuonyesha mtungi wa hiliamu, usinunue. Hiliamu yenyewe haiungui, lakini watu wasiivute kwa kinywa ili kubadilisha sauti. Inafukuza oksijeni mapafuni, na mtu anaweza kuanguka ghafla.

Fundo, na mstari wa kazi

Sasa tumefika penyewe. Bloa inajaza puto kwa sekunde nne. Mtu asiye na mazoea anafunga fundo kwa sekunde ishirini, na baada ya mafundo thelathini vidole vyake vinawaka moto. Hapo pampu yote ya dunia haikusaidii.

Funga hivi. Bana shingo kwa gumba na kidole cha kati cha mkono wa kushoto, karibu na tumbo la puto. Kwa mkono wa kulia vuta mkia wa shingo, uuzungushe juu ya ncha za kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kushoto ukiwa umevitanua kidogo, ili kati yao pawe na upenyo. Pitisha mdomo wa puto kwenye upenyo huo kwa kusukuma na gumba, kisha chomoa vidole huku unavuta. Ukifanya mara kumi polepole, mikono inakariri, na unashuka hadi sekunde kumi. Siri ni kuacha shingo ndefu: puto lililojazwa hadi shingoni halina cha kufunga. Ukiona limechukua umbo la pea, limezidi. Toa upepo hadi liwe duara.

Paka vidole unga kidogo wa mahindi visichubuke. Au zungushia plasta kwenye kidole cha shahada, kama wanavyofanya washonaji viatu.

Mpangilio wa watu ndio uliotutoa kwenye maputo arobaini na sita. Kwa bloa, mmoja anajaza na watatu wanafunga. Anayejaza hafungi hata moja: anajaza, anasokota shingo mara mbili, anabana kwa kibanio cha nguo, analisukuma kushoto. Vibanio ishirini vya kuanikia nguo vinatosha kuwa ghala la katikati, na shingo iliyosokotwa ikabanwa haipotezi upepo kwa dakika kadhaa. Wafungaji wanachukua, wanafunga, wanarudisha kibanio kwenye bakuli. Kwa pampu ya baiskeli anatosha mfungaji mmoja, na atapata muda wa kuunganisha maputo mawili mawili. Kwa mwendo huo bloa inamaliza mia kwa robo saa ukiacha mapumziko ya mota, na pampu ya baiskeli kwa saa moja hivi pamoja na kupokezana.

Kama mnataka tao, msifunge moja moja. Chukua maputo mawili, sokota shingo zake pamoja, funga fundo moja la shingo kwa shingo. Fanya jozi nyingine. Weka jozi juu ya jozi kama msalaba, sokota mara moja katikati: una ua la maputo manne bila kamba. Ua hilo linakalia mshipi wa kuvulia samaki uliofungwa kati ya misumari miwili, na kila ua jipya linasukumwa hadi liliminye lililotangulia. Mafundo yamepungua nusu, na vidole vinakushukuru.

Yale ya foili yenye herufi na namba ni rahisi zaidi. Yana vali yake, hayafungwi. Ingiza mrija wa soda kwenye kitundu hadi uhisi umefika ndani, puliza kwa mdomo au kwa pampu polepole, simama mikunjo ikiwa karibu kuisha. Hayatanuki kama mpira, yakizidi yanafumuka kwenye mshono. Ukitaka kuyatunza, rudisha mrija na uyakamue taratibu. Yasiachwe yapeperuke kwenye nyaya za umeme, foili inapitisha umeme.

Jua, nyasi na watoto

Jaza asubuhi hiyohiyo, au usiku wa kuamkia kama yatakaa ndani. Nje, hewa ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 45 juani, puto linajaribu kutanuka kwa asilimia 7, na meusi, ya bluu iliyoiva na mekundu yanashika joto kuliko meupe. Kwa shughuli ya bustanini punguza kidogo, jaza hadi sentimita 22. Baada ya saa chache juani maputo hupoteza mng'ao na kuwa kama yamepakwa vumbi. Ni mpira unaozeeka, huwezi kuuzuia, ila kivuli cha mwembe kinasaidia. Nyasi zilizokatwa karibuni ni sindano. Makuti pia. Tandika kanga au mkeka.

Puto lisilojazwa na kipande cha puto lililopasuka ni hatari kuliko puto zima. Mpira laini unaweza kuziba koo la mtoto, na haukoholeki kwa urahisi. Wenye umri chini ya miaka 8 wasipewe maputo matupu wayapulize wenyewe, na kila linapopasuka mtu mzima aokote vipande papo hapo. Uliza pia kama kuna mgeni ambaye mpira unamdhuru. Kuna wanaovimba midomo au kukosa pumzi wakiugusa.

Shughuli ikiisha usiruhusu mashindano ya kupasua kwa pini, hasa kama kuna wazee na vichanga waliolala. Vuta shingo ya puto hadi iwe nyembamba na ndefu, kisha kwa mkasi kata mkato mdogo kati ya fundo na tumbo, pale mpira ulipolegea. Litapumua polepole kama mtu anayesinzia. Vipande vyote viingie kwenye mfuko mmoja kabla kuku na mbuzi wa jirani hawajafika, na kalamu yako yenye tepu irudi droo ya jikoni, maana mwezi ujao watakupigia simu tena.